Skrubu Mbili za Draivu ya Mzee Shirima

Kabla hujanunua draivu ya disketi, inuse.

Najua hamtanunua draivu ya disketi maishani mwenu, na wengi wenu hamjaiona hata kwenye picha. Nawaambia hivyohivyo, maana mimi kazi niliianza kwa pua. Enzi za ruksa, mipaka ilipofunguliwa na kila mwenye mjomba Dubai akaleta alichokipata, Kariakoo ilijaa vitu vilivyobandikwa karatasi ya "mpya". Draivu mpya kweli hunukia plastiki na gundi. Ikinukia mafuta ya taa, ujue kuna mtu ameisafisha. Ikinukia manukato, kuna mtu ameisafisha kwa mafuta ya taa na anajua kwamba na wewe unanusa.

Ukishanusa, tazama vichwa vya skrubu. Kiwandani huzidondoshea tone la rangi nyekundu ili zisilegee. Ukiona tone limepasuka, kuna fundi alifika kabla yako. Jiulize alitafuta nini humo, na aliondoka na nini.

Niwaeleze kidogo msiojua. Disketi ilikuwa bapa na laini, yenye ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, na ndani ya ganda lake jeusi mlikuwa na duara la utando wa kahawia kama ule wa kanda ya kaseti. Draivu ilizungusha lile duara, na kichwa chake kikapita juu kikiandika na kusoma kwa mizunguko. Mizunguko ile tuliiita njia. Kompyuta za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja na unazichomeka kwenye televisheni, zilikuja na draivu ya njia arobaini, upande mmoja tu. Kazi yetu ilikuwa kumwongezea mteja draivu ya kisasa zaidi, ya njia themanini na pande zote mbili. Disketi moja ikawa inabeba mzigo wa nne, na mteja akatoka kama aliyehamia nyumba ya ghorofa.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa mahali pamoja. Nilivunja barafu pale Feri kwa wauza samaki, nikabeba marobota, nikapaka rangi mabango ya maduka nikiwa sijui kuandika herufi kubwa ya R vizuri. Hakuna kazi niliyodumu nayo hata mwaka. Siku moja nakatiza Mtaa wa Aggrey nikaona kwenye ujia mwembamba televisheni inaonyesha maandishi matupu, hakuna mtangazaji wala muziki. Nikasimama.

"Fundi, hiyo televisheni inaumwa?"

"Unaumwa wewe," akajibu bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Huyo ndiye Fundi Saidi wa Magomeni, fundi wa redio aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua. Nilisogea pembeni ili mwanga upite, nikabaki palepale mpaka nikazeeka.

Fundi Saidi alimshuku kila mtu. Alifanya kazi kaupa mgongo ujia ili wapita njia wasiibe ujuzi kwa macho. Chipu aliyoiweka mwenyewe aliikwangua namba kwa wembe, fundi mwingine akifungua asijue ni ipi. Hakuandika popote alichofanya kwenye mashine ya mtu, kwa sababu karatasi husomwa. Na kila mteja alihesabishwa skrubu kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea.

"Usimwamini muuzaji," aliniambia, "usimwamini mteja, usiuamini umeme."

"Na wewe je, Fundi?"

"Sasa hivi nimekwambia nini?"

Niliona anatia chumvi, mpaka nilipounguza draivu ya kwanza. Waya mwekundu hubeba volti tano na wa njano kumi na mbili, ndivyo nilivyofundishwa. Nikanunua kebo Mtaa wa Kongo, aliyeitengeneza akawa amepachika rangi alizozikuta karibu. Nikachomeka kwa kufuata rangi. Draivu ikatoa moshi mwembamba, wenye harufu ya kucha zinazoungua. Tangu siku hiyo sijachomeka kitu bila kukipima kwa mita kwanza, na leo hii nikinunua taa ya chumbani naipima, mke wangu ananicheka.

Kosa la pili lilikuwa la jampa, kile kipini kidogo cha kuiambia draivu kwamba wewe ni wa kwanza au wa pili. Niliziweka zote mbili kuwa za kwanza. Mteja akaita draivu moja, zikawaka taa mbili, zikazunguka zote, zikanguruma zote, na kwenye televisheni hakikutokea kitu. "Umeniletea wake wenza," mteja akasema.

Lakini kosa ninalotaka mlijue vizuri ni lile la Mzee Shirima.

Mzee Shirima alikuwa Mchaga wa Rombo, mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Mtaa wa Narung'ombe. Siku ya Jumanne aliingia kwenye ujia wetu amebeba mzigo uliofungwa shuka, amekataa kumpa mchukuzi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Funga mlango."

"Hakuna mlango, Mzee. Ni ujia."

"Basi simama hapo. Mtu akiuliza hii ni nini, ni redio."

Akafungua shuka. Kompyuta ya nyumbani, njano ya uzee, draivu moja pembeni, na disketi tano ndani ya bahasha ya kaki.

Habari yake aliisema kwa kunong'ona. Kila Desemba alipokwenda kwao kwa Krismasi alimkalisha baba yake na baba yake mdogo, akaandika kwenye daftari walichosema juu ya kihamba, lile shamba la ukoo: nani alipanda masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, lini, na mbele ya nani. Akirudi mjini aliyapiga chapa yote kwenye kompyuta ile, neno kwa neno. Daftari zililiwa na mchwa stoo. Wazee wote wawili walikuwa wamekufa. Na sasa binamu yake Evarist, mtoto wa yule baba mdogo, anadai migomba ya upande wa juu ni yake. Jumatatu wangesikilizwa kwenye baraza la kata. Ijumaa alfajiri alikuwa apande basi.

"Nataka zote tano ziingie kwenye disketi moja, halafu zitolewe kwenye karatasi kwa mfululizo," akasema. "Hii draivu yangu imechoka. Niwekee mpya. Na Evarist ana duka upande wa pili wa barabara, kwa hiyo nitakaa hapa mpaka mwisho."

Akakaa. Siku nzima ya Jumatano alikaa akiitazama mikono yangu. Nikichukua bisibisi, anainama. Nikiiweka, anaangalia nilipoiweka.

Nilianza vizuri, na hili lishikeni: kitu cha kwanza nilichofanya ni kuziba kwa utepe lile pengo la pembeni la kila disketi. Pengo likizibwa, draivu haiwezi kuandika juu yake, inasoma tu. Niliunga draivu mpya kama ya pili, nikaseti jampa, nikapima volti. Kulikuwa na kiswichi nyuma cha kuifanya ikubali kusoma disketi za njia arobaini. Nikaweka disketi ya kwanza ya Mzee. Haikusoma. Ya pili vilevile. Nikazirudisha kwenye draivu yake iliyochoka, zikasoma bila kusita.

Ningenakili hapohapo kutoka ile kuukuu kwenda mpya, kazi ingekwisha. Lakini nikajisemea, basi draivu mpya ni feki. Nikatafuta disketi ya mchezo iliyorekodiwa kiwandani, nikaiweka kwenye draivu mpya. Ikasoma safi. Nikaiweka kwenye ile ya Mzee. Ikakwaruza, ikarudi, ikakwaruza tena, ikashindwa.

Hapo nikaigeuza draivu ya Mzee Shirima nikaona zile skrubu mbili zinazoishika mota ya kusogeza kichwa. Matone ya rangi nyekundu yalikuwa yamepasuka.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyokimbia. Mashine ile ilikuwa mikononi mwa Fundi Saidi miaka ya nyuma, Mzee mwenyewe alisema. Jumanne jioni nilimwona Fundi Saidi anakunywa kahawa na Evarist, wamekaa goti kwa goti, wanacheka. Na asubuhi hii ya Alhamisi, siku tunayomhitaji zaidi, Fundi Saidi amekwenda msibani Magomeni. Nikaunganisha. Nikaona kila kitu kimekaa sawa kabisa: Fundi amekubaliana na Evarist, ameifungua draivu usiku ilipolala hapa, ameipinda ili nakala zisitoke. Nilimheshimu Fundi Saidi kuliko baba yangu, na ilinichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai kumfanya mwizi.

Sikumuuliza mtu. Mzee Shirima alikuwa amekwenda dukani mara moja kupokea mzigo. Nikalegeza zile skrubu, nikaweka disketi ya kiwandani, nikaizungusha mota kidogo kidogo mpaka ikasoma bila kukwaruza, nikakaza. Dakika ishirini. Nilijiona mjanja ajabu. Nikachukua disketi ya kwanza ya Mzee, nikaiweka kwenye draivu iliyonyooka.

Kosa.

Ya pili, kosa. Zote tano. Draivu mbili zimenyooka mbele yangu, taa zinawaka vizuri, na hakuna hata moja inayoweza kusoma neno la marehemu wale.

Nilikaa chini, sakafuni hasa. Taratibu ikaniingia. Draivu ile ilipinda tangu zamani, na miaka yote ikiwa imepinda iliandika njia zake zikiwa zimepinda vilevile. Disketi na draivu vilikuwa vimekosea pamoja, kwa kipimo kimoja, ndiyo maana vilisomana. Kuinyoosha ndiko kulikozipoteza.

Mzee Shirima akarudi. "Imefika wapi?"

"Mashine inapumzika, Mzee."

"Inapumzika?" Akaangalia televisheni, akaangalia mikono yangu. "Mashine ndiyo inapumzika na wewe ndiye unayetoka jasho?"

Fundi Saidi akaingia wakati huohuo, kanzu yake ina vumbi la makaburini. Hakusalimia. Aliinama juu ya draivu akaona zile skrubu mbili zinang'aa.

"Nani kafungua hizi?"

Mzee Shirima akasimama. Alikuwa mtu mzito, ujia wote ukajaa. "Nilijua!" Akamwita Mungu kwa Kichaga. "Saidi, nilikuona na Evarist kwenye kahawa. Amekuahidi nini? Sema! Baba yangu yumo humo ndani. Sina baba mwingine wa kumwuliza!"

Fundi Saidi alinitazama. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu, tena rahisi: nimekuta rangi imepasuka, muulize yeye. Mzee angeniamini, maana alishaamini tayari. Nikaona hata nisiposema kitu, kunyamaza kwangu kutatosha.

"Ni mimi," nikasema. "Nimefungua mimi, Mzee. Saa hizi, ulipokwenda dukani. Nilidhani naitengeneza."

Mzee Shirima alikaa tena, polepole, kama anayetafuta kiti kwa mkono.

"Ile rangi niliipasua mimi," Fundi Saidi akasema. "Miaka mingi. Mashine ilikuja na disketi ya programu aliyoinakili mmiliki wa kwanza kwa draivu yake mbovu. Nikaipinda hii ili iifuate. Ikafanya kazi, nikafunga."

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Uliniuliza?"

"Na Evarist je?" Mzee akasema kutoka pale chini.

"Evarist alitaka kujua ni redio gani hiyo inayohitaji kibodi."

Hakuna aliyecheka.

"Uliipinda kiasi gani?" nikamuuliza Fundi.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha siku ile. Sikuandika."

Ilikuwa Alhamisi saa tisa mchana. Mzee Shirima akasogea mbele ya kibodi mwenyewe. "Hapa nagusa mimi," akasema. "Nyinyi shikeni huko."

Kama mtawahi kuitafuta njia iliyopotea kwenye draivu, fanyeni hivi. Legeza skrubu nusu tu, mota isogee ukiisukuma lakini isianguke. Usisogeze kwa vidole, vidole vina papara. Weka ncha ya bisibisi bapa kwenye ufa, ukiigeuza mota inasogea unywele mmoja. Mtu mwingine aagize kusoma. Sikiliza: kichwa kikiwa mbali, draivu inakwaruza mara moja na kukata tamaa. Kikikaribia, inakwaruza, inanyamaza kidogo, inakwaruza tena. Huo ukimya katikati ndio unaoufuata.

Nilishika bisibisi, Fundi Saidi akashika tochi, Mzee akawa anabonyeza. Kosa. Kosa. Unywele mwingine. Kosa. Shingo ilikakamaa nikaacha kuihisi. Hatukuzungumza isipokuwa "Bado" na "Rudi kidogo". Kisha draivu ikanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikazuia pumzi, na kwenye televisheni yakatokea maandishi.

*Mimi naongea nikiwa na akili zangu. Masale ya upande wa juu niliyapanda mwenyewe mwaka niliooa, na ndugu yangu alishika kamba.*

Mzee Shirima aliweka kiganja juu ya kioo cha televisheni, kama anayepima joto la mtoto.

"Usiachie," Fundi Saidi akaninong'oneza. "Usikaze skrubu, itahama. Shika hivyohivyo."

Nikashika hivyohivyo, disketi tano, tukisoma kwa draivu iliyopinda na kuandika kwa mpya iliyonyooka. Nne ziliingia nzima. Ya tano, bisibisi ilinitelezea, kichwa kikaukwaruza utando, na tulipoirudia mara kumi kipande kimoja kiligoma kabisa. Ilikuwa sehemu ya maneno ya baba mdogo, juu ya mfereji wa chini.

Nikataka kurekebisha nilichoharibu. "Mzee, wewe uliyaandika mwenyewe. Unayakumbuka. Yapige hapo tu, nani atajua?"

Aligeuka akanitazama kwa namna ambayo siku zile mbili zote za kunishuku hakuwa amenitazama.

"Nakumbuka maana," akasema. "Maneno siyakumbuki. Nikiyaandika leo ni yangu, si yake. Acha wazi."

Printa ya pini ikalia mpaka magharibi, na kwenye ukurasa wa kumi na moja tukaacha nafasi nyeupe, upana wa vidole vinne. Akakunja karatasi, akafunga kompyuta yake kwenye shuka, hakutuaga.

Siku zile zote nilifanya kazi nikisikiliza ujia. Fundi Saidi hakunigombeza. Aliniletea tu daftari la mistari na kalamu, akaviweka kando ya mita. "Andika kila unachogusa," akasema. "Halafu lifiche."

Mzee Shirima alirudi Jumanne ya pili, ana vumbi la safari.

"Barazani walifika kwenye ile nafasi nyeupe wakaniuliza kwa nini. Nikasema iliharibikia mjini kwa fundi, na sikujaza. Evarist akaruka juu: mnaona, ameficha! Mwenyekiti akamuuliza, wewe ulikuwepo Desemba ile?"

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo, ndiye aliyekuwa anamshikia baba yake kikombe. Mwenyekiti akamwambia, basi ni baba yako, tuambie alisema nini. Watu wote wanamtazama. Akasema: alisema mfereji wa chini ni wetu, na kuanzia masale kwenda juu ni kwa kaka yake."

"Akasema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa hiyo juu ni kwangu. Chini ni kwake, na mimi chini nilikuwa nimeanza kupanda kahawa, nitaing'oa." Akatoa bahasha ya kaki kwapani. "Evarist anataka nakala na yeye. Nimekubali."

Nikawasha mashine yetu, nikaweka disketi, nikaufungua ukurasa wa kumi na moja. "Tulijaze lile pengo sasa, Mzee?"



"Jaza. Lakini andika kwamba ni Evarist aliyesema, tena kwa kinywa chake, mbele ya baraza." Akavuta kopo la rangi, akakaa karibu na bega langu. "Na usiende haraka. Nasoma."